Kamba ya Kuoza

Nyie vijana mnaokuja barazani kwangu hapa Ushongo kuniuliza kama kusuka madema kuna maisha, mie siwajibu mpaka nione mikono yenu. Mtu ananyoosha viganja laini kama andazi, na kidole gumba kimezoea kusukuma kioo cha simu tu. Namwambia aende kwanza akapasue mianzi. Ikimkata mara kadhaa na bado anautaka ufundi, arudi tuzungumze. Wengi hununa wakaenda zao. Wanaorudi ndio ninaowasimulia haya, maana macho yangu yameingia ukungu na daktari amenikataza kazi ya kukaza jicho, lakini mdomo hajaukataza.

Kwa asiyejua, dema ni mtego wa samaki unaosukwa kwa mianzi, mpana kama kitanda cha mtoto. Una njia ya kuingilia inayoanza pana na kuishia nyembamba, basi samaki anaingia kwa raha zake, lakini pa kutokea hapaoni. Unalizamisha kwa mawe kando ya mwamba, unaliwekea boya juu, unakwenda zako. Ukirudi unalivuta, unafungua mlango mdogo wa ubavuni, unamwaga samaki chomboni. Ndiyo kazi yote. Ukiiona rahisi, hujaijaribu.

Mie nilifundishwa na ami yangu Mbwana, mdogo wake baba, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Ami alikuwa halitazami dema la mwanafunzi, alikuwa analikalia. Likilia kwa uzito wake, analifumua lote mbele yako huku anapiga soga na wapita njia. Dema langu la kwanza halikulia hata kidogo, lilipasuka moja kwa moja, ami akatumbukia ndani makalio yakanasa. Nilijikaza nisicheke nikashindwa. Alipotolewa, na walimtoa watu wawili, aliniambia nitasuka madema ya wenzangu wote bila kulala mchana mpaka yeye aridhike, na kuridhika kwake kulichelewa sana. Lakini nilijifunza.

Basi sikilizeni aliyonifunza. Mwanzi mchanga usiutie mkononi, ukikauka utajikunja na macho ya dema, yale matundu yake, yatakwenda upande. Chagua uliokomaa, ule ukiugonga unalia mkavu. Upasue kuanzia ncha, upande mwembamba, ukianzia shinani utapasukia unakotaka wenyewe. Jicho la dema lipitishe vidole vitatu vya mtu mzima. Kuna wanaosuka jicho la kidole kimoja, wakavua vitoto vya changu ambavyo hata paka anakuangalia ukimpa. Samaki mdogo apite, akale, akakue, aje tena na kitambi. Ami hakuyaita hayo mazingira wala uhifadhi, aliyaita akili.

Na kamba. Hapo ndipo ami alipokuwa mkali kuliko pote. Zama zake tulifungia madema kamba za makumbi ya nazi na nyuzi za pamba, na kamba hizo tulizipika. Unachukua magome ya mkoko, unayachemsha mpaka maji yanakuwa mekundu kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, unaloweka kamba humo, unaanika, unaloweka tena. Kamba iliyopikwa hivyo bahari inaimung'unya mpaka inachoka. Fundi aliyefunga dema kwa kamba mbichi Ami Mbwana hakumwita fundi. Alimwita mpita njia. Siku hizi mkoko ukiukata bila kibali unajitafutia kesi, na ni haki, maana tulishaumaliza nusu yake.

Halafu ikaja nailoni. Mie ni mtu wa kwanza hapa kwetu kufungia dema nailoni, nilikwenda kuinunua Ngamiani, Tanga mjini, kwa baiskeli nikarudi naimba. Haipikwi, haiozi, panya haitaki. Wengine wakaleta na waya badala ya mwanzi. Mke wangu Zuhura, ambaye kazi ya kupika kamba ilikuwa yake, alilitupa gunia la magome juu ya dari ya jiko akaniambia nimemwachisha kazi na mafao hajapata. Tulicheka. Madema yangu yakapata jina kutoka Pangani mpaka Kigombe kwamba hayafi, nami nikalipenda jina hilo. Niseme nini, hata sasa nalipenda.

Katikati hapo palipita miaka ya baruti, na hiyo sitaki kuikalia sana kwa sababu inanitia uchungu. Mnaijua habari yake. Mtu anarusha chupa majini, mwamba uliochukua uhai wa babu na babu yake kukua unakuwa kokoto, samaki wanaelea matumbo juu, na nusu yao wanazama bila kuliwa na mtu. Kuna msimu nilikuwa nazamisha madema kwenye Mwamba Pacha, huu wetu wa mbele hapa, nikivuta napata kaa mmoja na aibu. Kisha doria zikazidi, watu wakakamatwa, na wenye akili wakachoka kula leo na kulala njaa kesho. Baruti ikanyamaza. Tukaunda kamati ya bahari, tukaufunga upande mmoja wa mwamba asivue mtu yeyote, na mie nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Matumbawe yakaanza kuota upya kwenye kokoto zile zile. Tasi wakarudi, kangu wakarudi, chewa wakubwa ambao watoto wangu walikuwa wakiwajua kwa kusimuliwa wakarudi. Nawaambia hivi ili msidanganywe na wanaosema bahari imekwisha. Bahari ukiipisha inarudi. Nimeiona kwa macho haya yalipokuwa mazima.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Siku moja kamati ilitoka kwenda kukagua upande tulioufunga. Alikuwepo Bibi Samaki, yule afisa uvuvi wetu, binti wa Kisambaa kutoka Lushoto anaitwa Anna, aliyejifunza kuogelea ukubwani na kutupita sote. Alizamia na wenzake wakaibuka na dema la zamani, limeota majani na chaza. Wakaliweka mchangani, watu tukalizunguka. Boya lilikatika zamani, mwenyewe hajulikani. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya samaki juu ya mifupa, na juu ya mifupa alikuwepo chewa mmoja hai, kichwa kikubwa na mwili umekwisha, mgongo unahesabika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nailoni, na nailoni ile ilikuwa nzima kama imetoka dukani asubuhi.

Bibi Samaki alieleza polepole. Dema lililopotea haliachi kuvua. Samaki anaingia, anakosa njia, anakufa, mzoga wake unakuwa chambo cha mwingine, naye anaingia, anakufa. Mwaka baada ya mwaka, halina mwenyewe na halina mlaji. Alisema walikuwa wameona mengine chini, hakujua ni mangapi. Watu wakaanza kuyaita madema yatima.

Mie nilichuchumaa nikalikagua lile dema. Halikuwa langu, mie sisuki ovyo vile, na nikalisema hilo kwa sauti ili lijulikane. Lakini na la pili ilinibidi nilitambue: langu lingeua vilevile, tena lingeua kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nasuka vizuri.

Mwenyekiti wa kamati, Omari, mtu niliyecheza naye utotoni na sasa ananiita Fundi hata tukiwa msibani, aliitisha mkutano. Hakuzunguka. Alisema baruti tumeikataa, kokoro, ule wavu wa kukokota, tumelikataa, sasa madema nayo yaondoke kwenye Mwamba Pacha, moja kwa moja, kabla hayajatumalizia kile tulichokifunga ili kikue. Watu wakaitikia. Nawaelewa, walikuwa wamemwona yule chewa. Lakini dema likiondoka Mwamba Pacha, limeondoka Ushongo, maana pengine ni mchanga na dema mchangani ni pambo. Na dema likiondoka Ushongo, mie Bakari ni nani? Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima, sina shamba la maana, sijui kazi nyingine. Wanafunzi wangu wangekunja mikeka. Niliogopa, na sikumbuki kuogopa vile hata siku niliyopinduka na ngalawa.

Nikasimama. Nilikuwa sijui nitasema nini mpaka nilipoanza kusema. Nikasema tatizo si dema, tatizo ni mlango. Mlango ukifungwa kwa kitu kinachooza, dema likipotea mlango utafunguka wenyewe na samaki wataenda zao; lisilopotea, mwenyewe atalifunga kamba mpya kila akilivuta. Omari akauliza kitu gani hicho. Nikasema katani.

Wakacheka mpaka nikakaa. Lazima muelewe kicheko kile. Sisi watu wa Tanga tumezungukwa na mkonge kila upande, lakini hakuna mvuvi anayeingiza kamba ya katani baharini, kwa sababu maji ya chumvi yanaila. Kuna jamaa hapa alifunga nanga kwa katani, akaamka chombo kimekwenda Kipumbwi bila yeye, na mpaka leo wajukuu zake wanataniwa. Kutaja katani mbele ya wavuvi ni kujichekesha. Lakini Bibi Samaki hakucheka. Alisema kwingine wanafanya hivyo, wanafungia kitu cha kuoza, na akaomba nipewe nafasi. Wakakubaliana: nitengeneze madema, tuyazamishe bila maboya kama yaliyopotea, na zikipita bamvua mbili tuyatazame. Bamvua ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, ndiyo kalenda yetu. Milango ikifunguka, dema linabaki. Isipofunguka, dema linaondoka na mie nisilete maneno.

Nikaenda tena Ngamiani, nikanunua kamba ya katani dukani, nzuri, laini, inateleza mkononi. Nikaijaribu kwanza kimyakimya, nikaiacha majini imefungwa kwenye mkoko karibu na nyumbani. Bamvua ikapita, nyingine ikapita, kamba inanitazama tu. Nikainusa, nikapata harufu ya mafuta. Kiwandani wanailainisha kwa mafuta, na mafuta hayapatani na maji, basi haikuoza. Kumbukeni hilo, kamba ya dukani msiitumie.

Ndipo nilipopanda pikipiki ya mtu kwenda Mwera, kwenye kambi ya zamani ya mkonge, kumtafuta Mama Monika. Baba yake alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, akazikwa huko huko, na binti akabaki anasokota kamba kwa mkono mlangoni pake, za kufungia mbuzi na za kuvutia ndoo kisimani. Kamba zake hazina mafuta, hazina kiwanda. Alinikaribisha kiti, akanitolea kamba yake bora kuliko zote, akaining'iniza kwenye boriti na kuniambia niivute nione. Nikamwambia hiyo ni nzuri mno. Nataka mbaya. Nataka iliyo nyembamba, isokotwe kwa ulegevu, ikae majini bamvua mbili kisha ioze ikatike.

Mama Monika aliishusha kamba yake kwenye boriti.

"Mzee Bakari," akasema, "umetoka Ushongo kote huko kuja kununua kamba, au kuja kunitukana?"

Ikabidi nieleze kila kitu, dema, chewa, mkutano, mpaka kicheko. Nilipofika kwa chewa aliacha kusokota. Alisema kazi ya kuharibu kazi hajawahi kuifanya na mikono itamkatalia. Nikamwambia na mie vilevile. Tukakaa hapo wazee wawili, yeye anasokota, anaifumua, anailegeza, ananipa niishike, nasema bado nzuri, naye ananung'unika kwa Kiha maneno ambayo namshukuru Mungu siyajui. Kila mara vidole vyake vilijisahau vikakaza. Mwishowe aligundua njia: asokote huku anazungumza, asiitazame kamba. Ikatoka hovyo kabisa. Tukafurahi wote wawili.

Nikarudi na furushi la kamba nyeupe. Madema yalikuwa tayari, nimeyasuka kwa moyo wote kwa sababu niliona huenda ni ya mwisho. Nikaongeza na ufundi mmoja ambao ni wangu, nao nawapa bure: mlangoni nilifunga mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ukiuvuta kwa nje. Maana kamba ikioza peke yake haitoshi, mlango unaweza kubaki umeegemea pale pale. Ukifunga mpira, kamba ikikatika tu mlango unarukia nje. Na mlango ukae ubavuni juu, usikae chini, dema litaulalia. Nilizianika kamba zangu uani, nikaenda msikitini kwa sala ya adhuhuri, na baada ya sala nikakaa barazani kwa watu kuzungumza mchana kutwa. Niliporudi giza lilikuwa limeingia na kamba zimekunjwa vizuri juu ya madema. Asubuhi kabla hakujapambazuka sawasawa nikafunga milango, tukaenda kuzamisha, kamati nzima inashuhudia.

Sitawachosha na jinsi nilivyosubiri. Nilikuwa silali sawasawa, nakula kwa kulazimishwa.

Siku ya kuyavuta ufuo ulijaa. Dema la kwanza likapanda, mlango umefungwa. Ndani tasi na changu wanarukaruka. La pili, mlango umefungwa. Sikutaka la tatu livutwe lakini likavutwa, nalo vilevile. Kamati ikafungua milango kwa kisu na kuwarudisha samaki majini mmoja mmoja, na Omari alikuwa hataki kunitazama usoni. Afadhali wangecheka. Aliniwekea mkono begani akasema, "Fundi, umejaribu." Nilijua maana yake. Nilichukua kipande cha kamba kilichokatwa nikaondoka nacho, sikuaga mtu.

Njiani kwenda nyumbani ndipo nilipokitazama. Kamba ya Mama Monika ilikuwa nyeupe. Hii ilikuwa nyekundu inayoelekea weusi. Nikainusa. Enyi watoto, harufu ile naijua tangu sijaota ndevu.

Zuhura alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza kwa upole, na upole wangu yeye anaujua kuwa ni hatari, kama kamba zangu zile uani alizigusa.

"Nilizipika," akasema. "Nimeona umerudia kamba ya mmea, tena umeianika mbichi, nikasema Baba Tatu mawazo yamemzidi, amesahau. Nikashusha gunia la magome. Nimezipika mara mbili, tena vizuri. Zimefanyaje?"

Nilikuwa sijamweleza mambo ya kuoza, kwa sababu niliona aibu kumwambia mke wangu, binti wa wavuvi, kwamba nimekwenda mpaka Mwera kutafuta kamba mbovu. Nilimweleza hapo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini. Mie nilikuwa na hasira, na wakati huohuo nilitaka kucheka, na wakati huohuo nilimpenda sana yule mwanamke aliyepanda darini na miguu yake inayouma ili nisiaibike. Yote matatu yalinijia kwa pamoja na sikujua nianze na lipi.

Zuhura hakuningoja nichague. Alijitanda leso, akachukua sufuria lake la kupikia kamba lililobaki na weusi wa magome, akatoka. Nilimfuata nikimwomba arudi. Kamati ilikuwa bado ufuoni inaandaa maneno ya kuyaondoa madema. Akasimama katikati yao, mwanamke ambaye mkutanoni hukaa nyuma, akaweka sufuria mchangani mbele ya Omari.

"Mwenyekiti," akasema, "mume wangu alileta kamba ya kuoza. Mie ndiye niliyeizuia isioze. Kama kuna wa kuhukumiwa hapa ni ami yake aliyenifundisha, naye ameshakufa. Nisingepika vizuri, mngeona milango wazi. Mnamfukuza mtu kazini kwa sababu mkewe anajua kazi?"

Halafu Bibi Samaki akainama akakitazama kipande cha kamba nilichokuwa nacho mkononi, akakilinganisha na weusi wa sufuria, na bega lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, akashindwa kujizuia, na Omari akamfuata, na ufuo mzima ukafuata. Mie nilikuwa peke yangu nisiyecheka. Nilikuwa nawaza bado wanaweza kukataa. Omari alijifuta macho akasema tutarudia mara moja tu, na kamba safari hii italala nyumbani kwake, chini ya kitanda chake, mbali na jiko la Mama Tatu. Zuhura akasema hata yeye anaridhia.

Nikaenda Mwera tena. Mama Monika aliposikia habari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akataka ajulishwe jina la mke wangu ili amwombee. Akasokota nyingine huku ananisimulia habari za baba yake, bila kuitazama. Zuhura alimtumia mkungu wa ndizi. Wanawake hawa wawili hawajaonana mpaka leo lakini salamu haziishi.

Tukazamisha. Bamvua ya kwanza ikapita na upepo mkali, ya pili ikapita. Siku ilipofika Bibi Samaki alisema tusiyavute, twende tukayatazame yalipo, maana dema la kweli lililopotea hakuna wa kulivuta. Maji yalikuwa mafu, yale madogo yaliyotulia, na meupe, unaona chini toka chomboni. Omari akasema fundi ndiye atazame. Nikamwambia mie kifua changu si cha kuzamia tena. Bibi Samaki akanivisha miwani yake ya majini, akanifundisha kushika ukingo wa ngalawa na kuingiza uso tu, kama mtu anayenawa.

Nikaingiza uso.

Mwanzoni niliona buluu tu na pumzi yangu. Kisha mwamba. Sikuwa nimeutazama hivyo tangu ujana, na kichwani nilikuwa bado naukumbuka ulivyokuwa kokoto. Matumbawe machanga yalikuwa yamekaa juu ya yale yaliyokufa, mengine kama kiganja, mengine kama uyoga, na vidagaa vya rangi vimeyazunguka. Pembeni yake nikaliona dema langu, limekaa sawa, macho yote sawasawa, mpira umevutika. Mlango ulikuwa umeachama.

Kundi la tasi lilikuwa linakula majani yaliyoanza kuota juu ya mwanzi. Mmoja akaingia kwa njia ya kuingilia, kwa raha zake kama wanavyoingia siku zote. Akazunguka ndani mara moja, akanusanusa pembe. Akafika mlangoni, akatoka, akaendelea kula. Akaingia mwingine, naye akatoka. Mie Bakari bin Mwinyi, niliyesuka maisha yangu yote ili samaki akiingia asitoke, nililia ndani ya miwani ya watu, na ukilia ndani ya miwani machozi hayana pa kwenda, yanajaa mpaka huoni kitu.

Juu yangu nikasikia Omari anauliza, "Fundi? Mna nini ndani?"

Nikatoa uso, nikavua miwani, maji yakanimwagikia. Neno nililolisema kila mvuvi wa pwani hii analichukia, na nilikuwa nimelisema mara nyingi maishani kwa huzuni.

"Hamna kitu," nikamwambia.

Omari alikaa chini kwenye ngalawa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia mpaka tulipofika ufuoni.